Je, wajua kwa nini watoto wa Japani hung'atwa kichwa na simba?

Mwaka Mpya ukiingia Japani, si ajabu kumwona mama akimpeleka mwanawe mchanga kinywani mwa simba kwa mikono yake mwenyewe. Taya za mbao zinagongana, ta! ta!, juu ya utosi. Mtoto anaangua kilio, wazazi wanacheka na kupiga picha.

Simba huyo ni mcheza ngoma wa shishimai, yaani ngoma ya simba. Huaminika kwamba aking'ata, anakula mikosi na maradhi, na mtoto atakua mzima na mwenye akili. Wajapani wana pia mchezo wa maneno hapo: kamitsuku ni kung'ata, lakini kami pia ni mungu, na tsuku ni kushikamana. Kwa hiyo aliyeng'atwa, mungu ameshikamana naye.

Lakini Japani simba wametoka wapi? Walikuja na ngoma. Kumbukumbu za kale zasema mwaka 612 mtu aitwaye Mimashi, kutoka ufalme wa Baekje huko Korea, alifundisha michezo ya vinyago aliyojifunza China, ya simba ikiwemo. Vichwa vya simba vya karne ya 8 bado vimehifadhiwa Shosoin, ghala la hazina mjini Nara. Yaelekea waliovichonga hawakuwa wamemwona simba hata siku moja, na inajionyesha hata kwenye vichwa vya leo: macho ya dhahabu, uso mwekundu au mweusi, pua bapa. Aliyezoea simba wa Serengeti atadhani ni mbwa aliyekasirika.

Tena neno lenyewe, shishi, zamani lilitaja wanyama wa kuwindwa, kama nguruwe mwitu na kulungu. Ndiyo maana huko Iwate, kaskazini, utakuta "shishi" wenye pembe za kulungu na ngoma kiunoni, kila mchezaji peke yake. Kwingineko watu wawili au zaidi hujificha chini ya kitambaa kimoja, mara nyingi cha kijani chenye michoro myeupe.

Kichwa mara nyingi huchongwa kwa mti wa kiri, maana ni mwepesi na mchezaji hukitikisa muda mrefu. Kisha hupakwa urushi, utomvu unaokauka ukang'aa.

Katika kagura (ngoma takatifu ya kuiheshimu miungu) ya mlima Hayachine, hukohuko Iwate, kichwa hicho hakihesabiwi kuwa kifaa cha ngoma. Huitwa Gongen-sama, naye ndiye mungu wa mlima mwenyewe; watu humwinamia ili awang'ate, watu wazima kwa watoto.