Rili Uizungushe kwa Mkono Upi?

Kiswahili kiliamua zamani mkono upi ufanye nini. Wa kulia ni wa kulia chakula, na ule mwingine tukauachia kazi zisizotajwa mezani. Kwa hiyo msimu wangu wa kwanza wa kuongoza wageni wanaokuja kuvua mtoni Nile, chini ya maporomoko ya Murchison huku Uganda, nilishangaa kuona watu wanaoandika, wanaokula na wanaorusha mshipi kwa kulia wakizungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa kushoto. Nikadhani ndio utaalamu wenyewe, nikaiga. Nilizungusha kwa kushoto miaka mitatu mizima, mpaka sangara mmoja aliponitia adabu.

Swali hili naulizwa karibu kila safari. Jibu ambalo wengi wamepewa dukani ni fupi: unarusha kulia, zungusha kushoto, basi. Kwa samaki mdogo jibu hilo halina ubaya. Kwa sangara wa Nile lina kasoro, na kasoro yenyewe huioni mpaka umeshachelewa.

Tuelewane kwanza kuhusu chombo. Sisi tuliokulia Pakwach, mji ulio kando ya Nile, tulianza na mshipi wa mkononi: uzi, ndoano, kipande cha chuma cha kuzamisha, na vidole ndiyo breki. Baadaye tukaona rili za kawaida za kurushia chambo kizito, zenye gia ndani. Ukizungusha kishikio mara moja, uzi unajikunja mara tano au sita. Uvuvi wa flai ni kitu kingine. Chambo chake ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano, hakina uzito wa kurushwa. Mzito ni mshipi wenyewe, mnene, wa mita 27 hadi 30 hivi. Unaurusha huo kwa ufito, ile fimbo ndefu yenye rili, na chambo kinafuata nyuma kama mkia wa tiara. Mshipi ukiisha unaanza uzi mwembamba wa akiba, na kwa samaki wa huku mimi sikubali pungufu ya mita 200. Rili yenyewe haina gia. Mkono ukizunguka mara moja, kigurudumu nacho kinazunguka mara moja, hupewi nyongeza.

Hapo hesabu inaanza kuuma. Rili kubwa ikiwa imejaa, duara la mshipi lina upana wa sentimita 9 hivi, na kila mzunguko unakuletea sentimita 28. Samaki akishavuta uzi mwingi duara linapungua. Likibaki sentimita 6, mzunguko huohuo unakupa 19 tu. Yaani kadiri samaki anavyokwenda mbali ndivyo mkono wako unavyopunjwa. Sangara akiondoka na mita 100, kumrudisha ni mizunguko zaidi ya 400. Nenda kasimame golini kwenye uwanja wa mpira, tazama goli la upande wa pili, kisha fikiria mkono wako wa kushoto ukizunguka mara 400 huku wa kulia umeshika ufito uliopinda kama upinde na jua liko utosini.

Na mto wetu hausaidii. Pale juu sehemu kubwa ya Nile inapenya kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita kama 7 na kuanguka zaidi ya mita 40. (Maporomoko hayo ndiyo yaliyomzuia sangara kupanda, wale wa Ziwa Victoria walipelekwa na watu miaka ya 1950.) Chini yake maji hayatulii. Kuna mkondo mkali katikati, na pembeni maji yanayorudi nyuma, na sangara hukaa kwenye mpaka wa hayo mawili akisubiri kuletewa chakula. Akinasa hukimbilia mkondoni, kisha bila taarifa anageuka na kuja kwako.

Kugeuka huko ndiko kunakotenganisha mikono. Mvuvi wa nchi nyingine, uzi ukilegea, anapiga hatua kumi nyuma ufukweni na uzi unakaza. Huku nyuma yako pana mwamba wenye utelezi, au mashua yenye watu wanne na jeri keni, na majini wamo mamba na viboko, hakuna anayeingia hata mpaka magotini. Huna pa kurudi. Ulegevu wote uliopo utaumaliza kwa rili, na kwa haraka.

Siku yangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa sina mgeni, nimeomba ufito kwa bosi, nahodha wetu ndiye aliyeshika injini, mzee wa Kialur aliyevua mtoni humo tangu sijazaliwa. Sangara akachukua, akaenda na mshipi wote na akiba kiasi, halafu akageuka. Nikaanza kuzungusha kwa kushoto. Mizunguko thelathini ya kwanza ilikwenda vizuri. Baada ya hapo bega likaingia kazini, na bega likishaingia, mwili mzima unayumba na ncha ya ufito inapiga juu chini, juu chini. Kila inaposhuka uzi unalegea kidogo. Ndoano ikadondoka.

Mzee hakunipa pole. Alizima injini, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, ulikuwa unavua au unakoroga uji?"

Nikasema, "Mzee, mkono umechoka."

"Haukuchoka. Haujui. Mkono unaojua unachoka vizuri."

Nikamwomba anieleze. Akanyoosha kidole kwenye cherehani ya mkono ya mkewe, ambayo tulikuwa tumeibeba kwenye mashua kuipeleka Pakwach kwa fundi. Gurudumu la kuzungusha liko kulia. Kushoto ndiko kunakoongoza kitambaa. Hakuongeza neno, akawasha injini.

Nimeifikiria cherehani hiyo mara nyingi. Kuzungusha kitu kidogo kwa kasi, kwa duara lililo sawa, bila kutikisa kilichoko jirani yake, ni kazi ya ufundi, na kazi ya ufundi kila mtu anaupa mkono wake mjuzi. Kushika ufito ni kazi ya kuvumilia. Mkono wa kushoto si mjinga kwa kuvumilia. Ndio huo huo unaobeba ndoo ya maji wakati wa kulia unafungua mlango. Wanaosema mkono wenye nguvu ubaki kwenye ufito wanachanganya nguvu na ujuzi. Ukipigana na samaki vizuri, kitako cha ufito kimeegemea tumbo, mgongo na miguu ndiyo inayoinua. Mkono unashikilia tu.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi. Ukirusha kwa kulia na kuzungusha kwa kulia, lazima ufito uhame mkono samaki akiwa ameshanasa. Kwa nini ujitafutie hatari hiyo? Hebu tufuate mambo yanavyokwenda. Sangara akigusa chambo, huinui ufito. Ukiinua umempotezea ndoano mdomoni, ule mdomo ni mgumu. Unavuta mshipi kwa nguvu kwa mkono wa kushoto, ufito umeelekea majini, mara moja, mara mbili. Anashtuka, anakimbia. Mshipi uliokuwa umelala miguuni unaruka juu, na sasa kushoto kuna kazi moja tu: kufanya pete kwa kidole gumba na cha shahada ili mshipi upite humo usijifunge kwenye kifungo cha shati au kwenye kishikio. Unapokwisha sakafuni, samaki yuko kwenye rili, breki inalia. Wakati huo hakuna anayezungusha chochote. Ukijaribu, kishikio kitakupiga vidole, maana kinazunguka kinyumenyume pamoja na kigurudumu. Mimi nina kucha moja iliyoota upya kwa ajili hiyo. Basi hapo, samaki akiwa anakimbia na uzi umekaza wenyewe, ndipo unapohamisha ufito. Ni sekunde moja. Mshipi wenyewe hauna nafasi ya kulegea kwa sababu yeye ndiye anayeuvuta.

Wanaopata ajali ni wale wanaohamisha mapema, mshipi ukiwa bado sakafuni. Hao nakubali, wangebaki na kushoto.

Hata hivyo siwalazimishi wageni. Mtu aliyekuja siku tatu, aliyezungusha rili ya kawaida kwa kushoto tangu utotoni, mkono wake wa kushoto umeshasoma. Huyo ni mjuzi wa kushoto hata kama anaandika kwa kulia. Na mwenye mashoto anayerusha kwa kushoto, mambo yote niliyoandika ayageuze. Lefty Kreh, yule Mmarekani aliyefariki mwaka 2018 na aliyefundisha uvuvi huu kwa watu wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu, alishikilia kwamba mkono uliozoea kazi ndio uzungushe. Nilifurahi kugundua kwamba yeye na nahodha wangu, ambaye hajawahi kumsikia, wako upande mmoja.

Kipimo changu ninachowapa watu kabla hatujapakia mashua ni rahisi. Shika ufito wenye rili tupu, ncha yake uielekeze kwenye kitu fulani, msumari ukutani au shina la mti. Zungusha kwa kushoto mara 100 kwa kasi unayoweza, kisha kwa kulia mara 100, bila kuangalia mkono. Mwenzako aangalie ncha. Usihesabu upi umemaliza kwanza. Angalia ni kwa mkono upi ncha iliyumba kidogo zaidi katika ile thelathini ya mwisho. Wengi wanaorusha kulia wanashangaa. Wachache wanakuta hakuna tofauti, nao nawaambia wabaki walivyo, wasihamishe ufito bila sababu.

Kwa ngasa, yule mwenye meno kama misumari, usisumbuke na haya. Ni wadogo huku kwetu. Unawavuta kwa mkono na rili unaigusa tu wakati wa kwenda nyumbani. Kwao kinachohitaji akili ni kipande cha waya mbele ya ndoano.

Sasa ukiamua kugeuza, usigeuze kwa kuhamisha kishikio peke yake. Hapa pana kosa ninaloliona mara kwa mara. Breki ya rili nyingi za siku hizi inabana upande mmoja: uzi ukitoka inakaza, ukiukunja inaachia. Ndani kuna beringi inayokubali kuzunguka upande mmoja tu. Kugeuza mkono ni kuitoa na kuirudisha ikiwa imepinduliwa. Mgeni mmoja alikuja na rili mpya, duka la kwao lilimfungia uzi kwa ajili ya kulia lakini beringi likaiacha ya kushoto. Hatukuikagua, nami kosa hilo nalibeba, nilikuwa kiongozi wake. Alikuwa akikunja mshipi kwa shida asubuhi nzima, tukadhani rili ngumu kwa sababu ni mpya. Samaki aliponasa, breki haikuwepo kabisa. Kigurudumu kikazunguka kuliko uzi ulivyotoka, uzi ukajivimbisha ndani kama kiota cha kwera, ukakwama, ukakatika. Mgeni alikaa chini akacheka mwenyewe, Mungu ambariki.

Kwa hiyo tangu siku ile, kabla ya kufunga ndoano, navuta mshipi kwa mkono: lazima ukatae. Nazungusha kishikio: lazima kikubali. Ikiwa ni kinyume, nafungua. Na ukishapindua beringi, uzi wote lazima utoke na ukunjwe upya upande wa pili, pamoja na ule wa akiba, ukiwa umekazwa. Ukiukunja ukiwa mlegevu, siku ya samaki mkubwa tabaka la juu litazama ndani ya la chini na kunasa. Sisi tunafanya hivyo kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili. Mtoto anashika ncha golini na kitambaa mkononi ili asikatwe, mimi nakunja natoka goli la pili nikimfuata, tunarudia mpaka akiba yote iingie. Analipwa soda.

Kwenye mashua sasa nina rili nne za kulia na mbili za kushoto, za kushoto nimezipaka rangi nyekundu ya kucha niliyoiomba kwa dada yangu. Ukija na yako, nitumie ujumbe mapema useme unazungusha kwa upi, na ulipimaje. Ukinieleza alfajiri tukiwa gatini, kugeuza na kukunja upya ni kazi ya saa nzima, na sangara wa pale kwenye povu hula zaidi kabla jua halijapanda.