Mwanga Unaoachiwa kwa Zamu

Greda likikata mkongo kando ya barabara kuu pale Makambako, fundi hafukui njia nzima. Hufunga kifaa kwenye ncha ya faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga ndani ya mkongo, hurusha mpigo wa mwanga, kisha husubiri mwangwi. Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo muda wa mwangwi humwonyesha umbali. Mpigo wa nanosekunde 10 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) una urefu wa mita 2, na kwa kazi yake unatosha. Maabara, hata hivyo, hutaka mapigo ya pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu moja ya elfu ya nanosekunde), mafupi mara elfu na zaidi. Hapo kuwasha na kuzima leza tu hakufui dafu.

Njia mojawapo ni kuunga faiba ya mita 20 iwe duara, ukapachika humo kikuza mwanga cha semikondakta. Mwanga huzunguka humo mara milioni 10 kwa sekunde. Umeme wa kikuza hupandishwa na kushushwa kwa mdundo unaolingana na mzunguko huo: ukipanda, mwanga unaongezwa nguvu, ukishuka, unamezwa.

Aliyewahi kukwama kwenye mlima wa Kitonga, barabara ya Iringa, anajua magari yakiachiwa kwa zamu hutoka kwa mafungu. Ila hapa fungu lile lile la mwanga hurudi getini, yaani kwenye kikuza, tena na tena, na kila likipita, waliotangulia na waliochelewa hupunguzwa. Ndiyo maana mpigo huishia kuwa mfupi kuliko muda ambao geti liko wazi. Mbinu hii, iitwayo kufunga modi (mode locking), ilionyeshwa kwa leza ya gesi huko Marekani mwaka 1964.

Mbona tusitumie erbiamu, elementi ya kukuza mwanga iliyozoeleka kwenye mikongo? Erbiamu ni nzito kushtuka. Hutunza nishati kwa takriban milisekunde 10, kwa hiyo mdundo wa haraka haiusikii kabisa. Semikondakta huitikia ndani ya mamia ya pikosekunde, ikawa kikuza na geti kwa pamoja. Kasoro yake ni kutawanya rangi ndani ya mpigo, nasi hulazimika kuubana tena kwa faiba nyingine.

Adui mkubwa kwetu nyanda za juu ni hali ya hewa. Asubuhi ya Julai Mbeya unavaa koti, mchana unalivua. Joto la faiba likipanda nyuzi 10, kila mzunguko huchelewa takriban pikosekunde 7. Mizunguko 100 baadaye, mpigo umechelewa pikosekunde 700 na kukuta geti limefungwa. Kwa hiyo duara huwekwa kwenye kisanduku cha joto lisilobadilika, la sivyo fundi akae akirekebisha mdundo mchana kutwa.