Enzi za Sayyid Said hapakuwa na kanga

Nimeletewa tena doti ya kanga yenye jina la herufi za Kirumi, pamoja na buibui jeusi, na nimeombwa nivirekebishe viwe vazi la mwanamke wa Unguja wa enzi za Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Ombi hili limenifikia mara nyingi mno. Sayyid Said alifariki mwaka 1856. Kanga ilianza kuvaliwa pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Majina yaliongezwa baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Na buibui lilienea karne ya 20 ilipokwisha kuingia. Sina neno na anayejipamba kwa nguo hizo arusini, lakini anayesema anamwonesha mwanamke wa mwaka 1850 anamvika nguo ambazo mwanamke huyo hakupata kuziona.

Nguo za watu wengi wakati ule zilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa kwa merikebu kutoka Salem, bandari ya Marekani, na bandari jirani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, na kaniki iliyotiwa nili. Mwanamke alijifunga shuka chini ya kwapa, na aliyeweza aliongeza nyingine ya mabegani. Sehemu kubwa ya wakazi wa Unguja walikuwa watumwa, na hizo ndizo nguo zao. Hata hivyo kila anayenijia anataka kuwa binti wa Sultani. Mwenye kupenda mavazi ya kale na akaikwepa kaniki ameukwepa mji karibu wote. Ninaishona kwa heshima ileile ninayoipa hariri, na ninatamani wavaaji nao waivae hivyo.

Kwa anayeng'ang'ania hariri, basi: kanzu fupi, suruali iliyobana vifundoni na kutiwa nakshi, na barakoa, yaani kifuniko cha uso. Wote hunionesha picha mashuhuri ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Ni picha nzuri, nami huitumia, lakini ilipigwa studio mjini Hamburg baada ya yeye kuondoka Unguja mwaka 1866, na mtu aliyepangwa mbele ya kamera ugenini si ushahidi tosha wa jinsi nguo ilivyokaa mwilini nyumbani. Isitoshe, vioo vya picha vya miaka hiyo havikuzisoma rangi kama jicho linavyozisoma: buluu hafifu ilitoka karibu nyeupe, na nyekundu ikatoka nyeusi. Kwa hiyo ninapochagua rangi kwa kutazama picha ninakisia, na anayedai kuzijua kwa hakika kutokana na picha hizo anakisia pia.

Linaloniudhi kuliko yote, hata hivyo, ni mkato wa kanzu. Mafundi wengi wa leo huchukua kielelezo cha shati, wakakirefusha hadi vifundoni, wakachonga tundu la mkono kwa mviringo, kisha wakatia darizi shingoni na kuiita kanzu ya kale. Kanzu ya kale hukatwa kwa mistari iliyonyooka, kwa kuwa kitambaa kilikuwa ghali na upana wake mdogo, na fundi hakukubali kutupa vipande. Badani, yaani kipande cha kiwiliwili, hushuka moja kwa moja. Upana wa chini hutoka kwenye taharizi, vipande vinavyoungwa ubavuni, wala si kwa kuipanua badani yenyewe. Mkono huungwa mraba, na kikwapa, kipande kidogo cha chini ya kwapa, hutiwa katikati. Kikwapa hicho ndicho kinachokuwezesha kuinua mkono bila kanzu nzima kupanda juu. Mwambie aliyevaa kanzu yenye mkato wa shati anyooshe mkono kama anayechuma embe, utaona pindo linavyoacha vifundo. Kaba ya shingoni na hashia ya pindoni vinahitaji uvumilivu tu, sitavieleza hapa.

Kuhusu cherehani, Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, kwa hiyo vazi la mwaka 1850 nalishona kwa mkono lote, hata mishono ya ndani isiyoonekana, kwa sababu mshono wa mkono huachia kitambaa kilegee na kuanguka kwa namna nyingine. Tatizo langu kubwa ni kitambaa chenyewe: merikani ninayoipata dukani imefumwa sawasawa mno na mara nyingi imepaushwa, na kuichemsha hakuiondolei weupe.

Atakayekuja, basi, aniambie kwanza mwaka, kisha amtaje mtu anayetaka kumwonesha: mtumwa wa shamba la karafuu, mke wa mfanyabiashara au binti wa jumba la Mtoni, kasri la Sayyid Said. Akitaka kisutu, aina ya kanga, nitamshonea pindo kwa furaha, ila itabidi ausogeze mwaka wake hadi 1890 au mbele yake.