Utoro wa maji kwenye lambo ni nini, na kwanini ukizibwa tuta linaondoka

Ukifika kwenye lambo lolote la kijijini, lile la tuta la udongo ambapo ng'ombe wananywa na watu wanachota, kila mtu anaangalia maji yamefika wapi. Wachache sana wanatembea mpaka mwisho wa tuta, pale linapoungana na kilima, kuangalia ule mfereji mpana ambao kiangazi unakaa mkavu miezi na miezi mpaka watu wanaona ni uwanja wa bure, watoto wanapiga mpira, mwingine kashalima matembele. Ule ndio utoro wa maji, na ukitaka kujua lambo lenu litavuka masika anzia pale.

Utoro ni njia ya makusudi ya kupitisha maji yaliyozidi, kazi yake ni ileile ya bomba la ovaflo kwenye simtanki. Lambo likishajaa, maji yanayoendelea kushuka na korongo hayana pa kukaa, lazima yapite sehemu, kwahiyo fundi anaichagua hiyo sehemu mapema: pembeni, kwenye ardhi ngumu ya asili au mwamba, chini kidogo ya kimo cha tuta, ili maji yazunguke na kurudi mtoni mbali kabisa na tuta. Ile tofauti ya kimo kati ya sakafu ya utoro na juu ya tuta ndio kinga yenu yote. Kwa malambo madogo inatakiwa walau kama mita 1, na hiyo mita sio ya urembo, ndani yake ndimo kinapokaa kina cha maji yanayopita utoroni siku ya mvua kubwa, mawimbi yanayosukumwa na upepo, na bado ibaki akiba kwasababu tuta lenyewe linashuka kidogo kidogo kadri udongo unavyojikandamiza miaka inavyoenda.

Sasa kwanini maji yasipite tu juu ya tuta? Ukuta wa zege unaweza kuvumilia hilo kwa muda, ila udongo hauvumilii. Maji hayapiti sawasawa urefu wote, yanatafuta palipo chini, mara nyingi pale ng'ombe wanapokatiza kila siku au bodaboda wamepafanya barabara. Yanashuka mteremko wa nyuma kwa kasi, yanachimba kitako cha tuta, kamfereji kanaanza kurudi nyuma kupanda juu, kakifika juu panazidi kushuka, pakishuka yanapita maji mengi zaidi, na yakipita mengi yanachimba zaidi. Hapo hakuna jembe wala kiroba kitakachosaidia. Na usidharau udogo wa lambo, lambo la mita za ujazo 50,000 wataalam wanaliita dogo, lakini hizo ni tani 50,000 za maji, zikitoka zote kwa mkupuo zinaweza kubomoa nyumba za bondeni zilizo karibu na mkondo.

Tatizo ni kwamba tunaziba wenyewe. Naelewa kabisa inavyoanza, Dodoma au Singida mvua inakata Aprili na nyingine uisubirie mpaka Desemba, mtu anaona maji mazuri yanamwagika utoroni roho inamuuma, anapanga viroba vya mchanga mlangoni ili lambo lishike zaidi. Nusu mita ya viroba. Maji kweli yanaongezeka, lakini umeshakula nusu ya ile mita 1 ya kinga, na mvua ya usiku mmoja haitakusubiri uende ukavitoe. Mkitaka maji zaidi, tuta linainuliwa na utoro unapimwa upya na mtu anayejua hesabu za mafuriko ya lile korongo, hakuna njia ya mkato.

Wengine wanaziba kwa ajili ya samaki. Wamepandikiza perege, hawataki watoke na maji, wanatega nyavu au wavu wa chuma mlangoni mwa utoro, nyavu zinakamata majani, majani yanakamata matawi, mwisho pameziba kama ukuta. Hili lina historia kubwa na ya kusikitisha mno. Tarehe 31 Mei 1889 kule Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilipasuka likaua watu 2,209 katika mji wa Johnstown na vijiji vya njiani. Bwawa lilikuwa la klabu ya matajiri waliolitumia kuvua na kustarehe. Tuta lilikuwa limeshushwa kimo ili magari ya farasi yapite juu, mabomba ya kutolea maji chini yalishang'olewa zamani na hayakurudishwa, na utoroni palikuwa na wavu wa kuzuia samaki uliojaa takataka siku ile ya mvua. Angalia hayo mambo matatu halafu nenda kaangalie lambo la kwenu, utashangaa mangapi unayakuta.

Na karibu na kwetu, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel pale Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka wakati wa mvua kubwa, wakafa watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa majumbani. Aprili 2024 Mai Mahiu, kaunti hiyohiyo, nako maji yakashuka alfajiri yakabeba watu, mwanzoni ikasemwa bwawa limepasuka, baadae wizara ya maji ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyoziba kwa magogo na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka likaachia. Yaani hata tuta lisilokusudiwa kuwa bwawa, likiziba pa kutokea linakuwa bwawa lisilo na utoro.

Kupima kama utoro wenu uko sawa hamhitaji mashine. Chukua ule mpira mweupe wa maji mafundi ujenzi wanaopimia levo, ncha moja ishikwe kwenye sakafu ya utoro, nyingine itembezwe juu ya tuta hatua kwa hatua, na kila mnaposimama mnaandika. Mtagundua tuta halilingani, mara nyingi katikati ndio pameshuka, kwasababu udongo ulikuwa mwingi pale na ukashuka zaidi. Hapo katikati ndipo inapohesabiwa ile mita yenu, sio pembeni kwenye kimo kizuri. Pakijazwa pajazwe kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kiasi, tabaka nyembamba nyembamba zinazoshindiliwa, maana udongo mkavu uliomwagwa na trekta na kuachwa unaondoka na mvua ya kwanza.

Afu shuka kule utoro unapoishia, unaporudi mtoni. Hapa ndipo watu hawafiki kabisa. Ukikuta kaporomoko, maji yanadondoka na kuchimba shimo, jua kale kaporomoko kanatembea kurudi juu kila masika, na siku kakifika mlangoni lambo litatoboka kupitia utoro wenyewe hata kama tuta ni zima. Dawa ni mawe yaliyopangwa vizuri au gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, pale chini, na sakafu nzima iote ukoka. Usilime utoroni, hata msimu mmoja, jembe likishalegeza ule udongo umeshawaandalia maji kazi.

Tuta lenyewe pia lina mambo yake, nitagusa machache. Maji kuvuja kidogo nyuma ya tuta ni kawaida, kinachotisha ni rangi. Kinga yale maji kwenye chupa safi ya plastiki, iache itulie mpaka kesho yake, kama chini pamelala tope maana yake maji yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta, kuna tundu linakua humo na hiyo sio ya kusubiri kikao cha mwezi ujao, anzeni kupunguza maji na muite mtaalam. Sehemu ya kuchungulia zaidi ni pembeni ya bomba la kutolea maji. Miti nayo, hata kivuli chake kiwe kizuri vipi, haitakiwi juu ya tuta, ikifa mizizi inaoza inaacha njia ya maji, na mashimo ya panya na mchwa ni hivyohivyo.

Tope nalo linahusika na utoro kuliko watu wanavyodhani. Mabwawa ya Dodoma kama Ikowa na Matumbulu yamechunguzwa tangu zamani kwa jinsi tope la mashamba na malisho ya juu lilivyoyajaza. Lambo likijaa tope linashika maji kidogo, linajaa mapema, utoro unaanza kupitisha maji mapema na mara nyingi zaidi, kwahiyo lambo la zamani linahitaji utoro mzima kuliko jipya.

Kwa Tanzania kuna kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013, na nchi imegawanywa mabonde 9 ya maji, kila moja na bodi yake ya maji, kwahiyo kabla ya kuinua tuta au kugusa utoro anzieni ofisi ya bodi ya bonde lenu.

Mvua kubwa ikija usiku, mlinzi wa lambo afungue mapema koki ya lile bomba la chini la kutolea maji, atoe matawi mlangoni mwa utoro akiwa amesimama pembeni na ndoano ndefu, asiingie kwenye maji. Kama maji yameshaanza kupita juu ya tuta asipande kuziba, na mtu yeyote asikate tuta katikati kwa kudhani anapunguza presha. Kinachobaki ni kuwatoa watu wa bondeni, wapande kwenye muinuko wa pembeni na wasikimbie kufuata mto, na namba za simu za kaya zote za huko ziwe kwa mlinzi na kwa mwenyekiti wa kitongoji kuanzia Novemba, mvua hazijaanza.