Mche wa manjano haujakosa yuria

Ukiinua turubai lililosahaulika shambani kule Uyole, Mbeya, chini yake utakuta miche ya mahindi mirefu, myembamba, ya manjano kama kifaranga. Jirani atakwambia imekosa mbolea, iwekewe yuria. Siyo. Imekosa mwanga tu, na wala haijakaa bure. Ndani ya jani, plastidi, yaani vijisehemu vidogo vya seli ambamo kijani hutengenezwa, zimeshafuma utando kama wavu, na malighafi ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, imeshikwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachosubiri mwanga. Jua likigusa, malighafi hiyo huanza kugeuka ndani ya chini ya sekunde moja! Kijani cha kuonekana kwa macho huchelewa, maana wavu lazima ufumuliwe, upangwe upya kuwa tabaka za kutengenezea chakula. Hapo subiri saa kadhaa, pengine siku nzima.