Kadi ya GB 4 kushindwa na ya GB 2
Wengi wanaounda kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo huangalia namba moja tu kwenye boksi la kadi ya michoro: GB, yaani gigabaiti za kumbukumbu yake. Zikiwa nyingi, wanaamini kadi ni kali. Sivyo. GB ni ukubwa wa ghala. Kazi yenyewe hufanywa na chipu, ubongo wa kadi. Chukua kadi ya GT 730 ya GB 4 yenye kumbukumbu ya aina ya DDR3, toleo la 2014: kumbukumbu hiyo haipitishi hata GB 30 za data kwa sekunde. GTX 1050 ya GB 2, ya 2016, hupitisha GB 112, na chipu yake ina nguvu zaidi kwa mbali. Inauma kuona kijana akimaliza akiba yake kwa ile ya kwanza. Kabla ya kulipa, uliza jina kamili la chipu, kisha aina ya kumbukumbu: ni DDR3 au GDDR5, iliyo na kasi zaidi?