Mlipuko wa Ugonjwa Hausubiri Harambee

Tarehe 8 Novemba 2014, wakuu wa makampuni makubwa ya Afrika walikutana Addis Ababa kwa mwaliko wa Umoja wa Afrika, wakaahidi dola milioni 28.5 za kupambana na Ebola. Mamia ya wahudumu wa afya kutoka nchi mbalimbali za bara hili walipelekwa Guinea, Liberia na Sierra Leone chini ya mpango wa Umoja huo. Wanastahili shukrani. Lakini siku ya kikao kile wagonjwa walikuwa wamekwisha kupita 13,000, na miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Shirika la Afya Duniani litangaze dharura. Mlipuko ulipomalizika mwaka 2016 ulikuwa umeua watu zaidi ya 11,300.

Sisi wa afya ya jamii tunapozungumza na matajiri, swali tunaloulizwa mara nyingi ni "nitoe kiasi gani?" Mimi naona swali zito zaidi ni "nitoe lini?"

Tazama Nigeria mwaka huohuo. Tarehe 20 Julai msafiri mgonjwa kutoka Liberia alitua Lagos, jiji lenye mamilioni ya watu. Daktari Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu atoke hospitalini, na msimamo huo uliokoa wengi, ingawa yeye mwenyewe aliambukizwa na kufariki mwezi uliofuata. Nchi nzima waliugua watu 20 na kufa 8, na ilipofika tarehe 20 Oktoba Nigeria ilitangazwa kuwa haina Ebola tena. Watu karibu 900 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa, wakatembelewa ana kwa ana zaidi ya mara 18,000. Kazi hiyo ilianza upesi kwa sababu mfumo ulikuwapo tayari: kituo cha dharura, wataalamu na taratibu zilizojengwa kwa ajili ya kutokomeza polio. Serikali, wafadhili wa nje na matajiri wa hapohapo, akiwamo Aliko Dangote kupitia taasisi yake, walikuwa wameweka fedha kwenye vita vya polio kabla hata jina la Ebola halijasikika Lagos.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoamua mlipuko utafika wapi. Mahitaji yake ni ya kawaida kabisa: mafuta ya pikipiki, vocha za simu, posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, glavu, klorini, na chakula cha familia iliyowekwa karantini siku 21. Familia isiyo na unga ndani itatoka kwenda kutafuta kibarua, na hakuna wa kuilaumu. Fedha za serikali hupitia idhini na taratibu za manunuzi, tena kwa sababu za haki. Fedha ya tajiri inaweza kufika kesho. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na hapo ndipo wajibu wake unapoanzia, kwa kuwa mali hiyo imetokana na wateja na vibarua walewale walio hatarini.

Kutoa mapema peke yake hakutoshi. Mwaka 2020 wafanyabiashara na benki za Nigeria waliunda muungano wa kupambana na UVIKO-19, CACOVID, wakachanga mabilioni ya naira, sehemu kubwa ikiwa ya kununulia wananchi chakula. Mwezi Oktoba wananchi wenye hasira walivunja maghala ya majimbo kadhaa na kukuta shehena ya mchele, tambi na sukari haijagawiwa. Watoaji walikuwa wamekwisha kukabidhi. Walengwa walikuwa bado na njaa. Anayetoa ana haki, na mimi nasema ana wajibu, wa kufuatilia mchango wake mpaka mlangoni kwa mlengwa, na kudai hesabu zitangazwe hadharani.

Na mchango usigeuzwe kichaka cha kukwepa kodi. Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa nje isivyo halali. Hospitali haiwezi kuajiri wauguzi kwa kutegemea ukarimu unaokuja na kuondoka.

Hapa kwetu kutoa kwa ajili ya tiba si jambo geni. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kujenga hospitali Dar es Salaam, na ndiyo chimbuko la Muhimbili. Alitoa pasipo kungoja tauni igonge mlango.

Kwa hiyo mwenye mabasi, mwenye vituo vya mafuta, mwenye maghala Kariakoo au Kongowea: nenda kwa mganga mkuu wa mkoa, au kwa ofisi ya afya ya kaunti, sasa wakati hakuna mlipuko. Omba mpango wao wa dharura. Uliza pengo liko wapi. Kisha wekeana nao maandishi kwamba tangazo likitoka, magari kadhaa, lita kadhaa za mafuta au kiasi fulani cha fedha kitatoka ndani ya saa 48, na utaje ni nani atakayepokea na ni nani atakayekagua. Usinunue vifaa vya kujikinga kwa kubahatisha. Uliza kwanza vinavyotakiwa na viwango vyake. Nakala moja ya makubaliano hayo ibaki kwa mhasibu wako, ili hata ukiwa safarini, fedha zitoke.